Twende Katesh, Chini ya Mlima Hanang

Ndugu msomaji, leo twende Katesh. Ukipanda basi Babati kwenda Singida, utaona mlima mkubwa umesimama peke yake. Huo ni Mlima Hanang. Kimo chake ni zaidi ya mita 3,400. Chini yake uko mji wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara. Watu wa huko ni wakulima na wafugaji. Ngano yao inajulikana nchini.

Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, msiba ulishuka kutoka mlimani. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Sehemu ya mlima ililowa maji, ikameguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kasi. Vilifika Katesh na vijiji vya jirani, kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba, maduka na mifugo vilisombwa. Barabara zilizibwa na tope.

Baada ya msiba kama huo, watu wengi huja kusaidia. Askari huchimbua tope. Waganga hutibu majeruhi. Wapo pia mafundi wa umeme. Kazi yao wengi wetu hatuijui. Basi tuitazame.

Tope au upepo ukiangusha nguzo, waya hulala chini. Ukiutazama, umetulia kama kamba. Hautoi sauti wala moto. Lakini waya wa njia kubwa huweza kuwa na umeme wa volti 33,000. Umeme wa nyumbani ni volti 230 tu, nao unaua. Tena ardhi yenye maji hupitisha umeme. Mtu anaweza kufa kabla hajaugusa waya.

Kwa hiyo fundi haanzi kwa kuinua nguzo. Kwanza, umeme wa njia ile huzimwa. Pili, fundi hupima kuona kama waya umekufa kweli. Tatu, huunganisha nyaya na ardhi. Umeme ukirudi kwa bahati mbaya, utaingia ardhini. Ndipo wenzake huanza kazi. Huchimba mashimo, husimamisha nguzo na kuvuta nyaya. Hospitali na pampu za maji hutangulia. Nyumba zetu hufuata. Ukiona wanachelewa, usidhani ni wavivu. Wanalinda maisha yako na yao.

Je, umeme unaweza kurudi kutoka wapi, na njia imezimwa? Huweza kutoka nyumbani kwako. Mtu ana jenereta. Giza limemchosha. Anaiunganisha na nyaya za nyumba bila kuzitenga na nyaya za nje. Umeme wa jenereta hutoka nje kwa waya hadi kwenye transfoma. Huko huongezwa nguvu, ukawa wa maelfu ya volti. Fundi yuko juu ya nguzo, anakutengenezea wewe. Taa yako moja huweza kumwua.

Na nyumba iliyoingia tope je? Usiwashe kitu. Soketi zimelowa, na nyaya huenda zimekatika ndani ya ukuta. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA aikague kwanza. Usimwite kijana yeyote mwenye koleo na bisibisi. Rahisi huweza kuwa ghali.

Sasa turudi kijijini kwako. Huenda nguzo za umeme zinapita karibu na shamba lako. Mvua zitakuja tena. Ukikuta waya umeanguka, fanya hivi:

1. Simama mbali, hatua 20 au zaidi.
2. Usiuguse, hata kwa fimbo. Fimbo iliyolowa hupitisha umeme.
3. Zuia watoto na mifugo wasikaribie.
4. Mwambie mwenyekiti wa kijiji, naye apeleke habari TANESCO upesi.
5. Mtu akinaswa, usimshike. Umeme uzimwe kwanza, la sivyo mtakufa wawili.

Msomee habari hii jirani yako asiyejua kusoma. Wasomee na watoto. Hatuwezi kuuzuia mlima usimeguke. Lakini tunaweza kuzuia mtu aliyeponea tope asiuawe na waya kesho yake.