Ainabkoi, Yanakoanzia Maji ya Misri

Baridi ya Ainabkoi haimwonei huruma mtu wa Pwani. Alfajiri ya kwanza niliyoamka huko, maji ya udhu yaliniuma vidole hata nikashindwa kufunga vifungo vya kanzu. Mwenyeji wangu, mtoto wa ndugu yangu anayesomesha huko, alinitazama akacheka. "Ami," akasema, "huku kaskazi haijui njia."

Safari ni ndefu. Kutoka Mombasa msafiri hupita Nairobi na Nakuru, kisha barabara hupanda na kupanda mpaka Timboroa, ambako stesheni ya reli imejengwa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Reli hiyo ilifika Eldoret mwaka 1924, na Ainabkoi ni miongoni mwa stesheni zake. Ukishafika, utaona mashamba ya viazi na mahindi, kondoo, ng'ombe wa maziwa, na mitarakwa iliyosimama ndani ya ukungu. Nilipolisikia jina la mahali hapa mara ya kwanza nilidhani lina Kiarabu ndani yake, kwani "ain" kwetu ni chemchemi. Kumbe ni Kikalenjin, na maana yake ni mto wa mawe. Hata hivyo sikukosea sana, maana ni la maji vilevile.

Asubuhi hiyo tulitembea hadi kwenye kijito ambacho mtu angeweza kukiruka bila kukunja kanzu. Kijana akanionyesha kwa kidole upande wa mashariki, nyuma ya misitu, ambako ardhi huporomoka hadi Bonde la Kerio, na mvua inyeshayo huko huishia Ziwa Turkana. Maji ya uwanda huu wa Uasin Gishu huelekea magharibi. Huingia katika mito midogo, mito hiyo ikamwagika Nzoia, na Nzoia katika Ziwa Viktoria. Kutoka hapo hutokea Jinja na kuwa Nile. "Maji haya, Ami," akasema, "yanakwenda Misri."

Nikasimama, kwa kuwa neno hilo lilinikumbusha mtu aliyeifuata Nile kinyume na maji yake, miaka elfu moja na zaidi iliyopita, akitafuta kwao.

Habari zake zimo katika kitabu cha maajabu ya Bara Hindi alichokikusanya nahodha Buzurg ibn Shahriyar. Msimulizi wake ni nahodha mwingine, Ismailuwayh, na jambo linalonishangaza kila mara ni kwamba yeye mwenyewe ndiye mkosaji katika kisa anachokisimulia. Mwaka 310 wa Hijria, yaani 922, aling'oa nanga Oman kwenda Qanbalu, ambayo wataalamu wengi huiweka katika kisiwa cha Pemba. Upepo ukamtupa Sofala. Mfalme wa huko, kijana, akawapokea kwa wema na kuwaachia wafanye biashara bila bughudha. Siku ya kuagana akapanda chomboni na watu wake saba ili kuwatakia safari njema. Nahodha akamtazama mwenyeji wake, akapiga hesabu: sokoni Oman huyu atapata dinari 30. Akaamuru tanga lipandishwe. Mfalme akaunganishwa na watumwa wapatao 200 waliokuwemo.

Waliofanya hayo walikuwa watu wa kuswali. Naandika hivyo bila kulificha, kwa kuwa sisi wa Pwani tuna desturi ya kuipita haraka sura hii ya historia yetu. Nyumbani kwetu, mama yake bibi yangu aliletwa kutoka upande wa Nyasa akiwa hajang'oa meno ya utoto. Alikuwa yatima, au alifanywa yatima njiani. Hakuna aliyemuuliza, na alipofariki hatukubaki na jina la baba yake. Nilipokuwa mdogo, jambo hilo lilitajwa kwa sauti ya chini, kana kwamba aibu ilikuwa yake yeye.

Turudi kwa mfalme. Aliuzwa Oman, akapelekwa Basra, na huko akajifunza kuswali na kufunga. Akauzwa tena, akafika Baghdad katika zama za Khalifa al-Muqtadir, akajifunza Kiarabu na Kurani. Siku moja akaona mahujaji wa Khorasan juu ya ngamia zao. Akajipenyeza katikati yao, akahiji. Kurudi Baghdad kulikuwa sawa na kujipeleka kwa bwana wake auawe, hivyo akaandamana na msafara hadi Misri. Hapo akauona mto mkubwa, akauliza unatoka wapi. Akaambiwa: nchi ya Zanji.

Basi akaushika ukingo, kijiji hata kijiji, akiomba chakula. Huko mbele akakamatwa, akatiwa minyororo na kubebeshwa mzigo uliomzidi nguvu. Akatoroka. Akakamatwa na wengine, akauzwa, akatoroka tena, na tena. Mwisho akaifikia bahari, akapanda chombo kwa siri, akateremka pwani ya kwao usiku. Akamuuliza bibi kizee mfalme wa nchi ni nani. Bibi akamjibu kwamba hawakumtawaza mwingine, kwa kuwa waganga walisema wao yu hai.

Miaka baadaye upepo uleule ukamrudisha Ismailuwayh Sofala. Yeye na mabaharia wake walijisomea sala ya maiti kabla ya kushuka. Mfalme akawasamehe, akisema wao ndio waliokuwa sababu ya Uislamu wake. Kilichomsumbua ni deni: alitamani kumrudishia bwana wa Baghdad thamani aliyomnunulia, lakini fedha hizo angemkabidhi nani? Kwa watu hawa alijua haziwezi kufika. Na kuwasindikiza hadi chomboni, alikataa.

Hapo ndipo ninapompenda zaidi. Alisamehe kwa moyo safi, na mguu wake haukukanyaga tena sitaha ile.

Hakupita Ainabkoi, njia yake iliishia baharini. Lakini kijito kile kilinifanya nimwone akiwa na kitu ambacho mama yake bibi yangu hakuwa nacho, yaani maji ya kuyauliza njia. Yeye, mtoto wa miaka sita au saba, hakujua hata jina la mto wa kwao.

Jua lilipopanda, watoto wawili walikuja na madumu ya njano kuteka maji, wakaniamkia, wakacheka kuona kanzu imelowa hadi magotini. Kijana wangu akaniuliza kama niko tayari kurudi kunywa chai. Nikamwomba anisubiri kidogo. Nilikaa juu ya jiwe, nikamsomea marehemu Fatiha kwa jina pekee tulilonalo, lile alilopewa Pwani.