Maua Yangu na Magimbi ya Bibi

Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya milimani, rafiki yangu alinipa kikapu cha vitunguu vya maua yaitwayo krokosmia. Nalivipanda kandokando ya njia iendayo darasani. Mvua iliponyesha, yakatokea majani marefu membamba kama panga, kisha maua ya rangi ya chungwa, yamejipanga juu ya kikonyo kilichopinda. Kila apitaye alisimama kutazama, nami moyo wangu ukajaa majivuno.

Jina hilo latokana na maneno mawili ya Kiyunani, zafarani na harufu, kwa kuwa maua yake makavu yakitiwa katika maji ya moto hunukia kama zafarani. Wengi hudhani ni ua la Ulaya, kwani huko hupandwa sana bustanini. Lakini asili yake ni Afrika. Yapata mwaka 1880, Victor Lemoine wa mji wa Nancy, Ufaransa, alichanganya aina mbili za Kiafrika, akapata aina niliyopanda mimi. Hiyo ina nguvu nyingi, hata huko Uingereza imetoroka bustanini ikaota ovyo.

Hayo sikuyajua. Vitunguu vilipozidi, nalivitupa korongoni nyuma ya shule. Mvua ikavichukua hata shamba la bibi mmoja mjane, kando ya kijito.

Mwaka wa pili alikuja shuleni, kikapu kichwani.

“Shikamoo, Bibi,” nikamwambia.

“Marahaba.” Akakitua kikapu miguuni pangu. “Mwalimu, nimekuletea mali yako. Magimbi yangu hayana tena mahali pa kukaa.”

Wanafunzi walicheka, mimi sikucheka. Jioni ile nalikwenda shambani kwake, nikang'oa majani yote kwa mikono, nikadhani kazi imekwisha. Baada ya majuma matatu yakaota tena. Ndipo nilipochimba nikaona sababu: kila mwaka kitunguu kipya huota juu ya kile cha zamani, vikashikana kama shanga katika uzi. Uvutapo majani, cha juu hutoka. Vya chini husalia ardhini, navyo huchipua. Basi ikanilazimu kuchimba hata chini, kuchambua udongo kwa vidole, na kuchoma moto kila nilichookota. Kazi hiyo ilinichukua misimu mitatu. Na kwa kuwa msimu wa kwanza Bibi alivuna haba, nalimpelekea chakula kutoka shamba langu.

Nilipomaliza, nalikwenda kumwarifu. Mlangoni pake palikuwa na chungu kilichomeguka ukingo, na ndani yake krokosmia moja imechanua.

“Ua halina kosa, Mwalimu,” akasema. “Humu halitatoka.”

Nanyi, wanafunzi, mkipanda kitu kizuri, ulizeni kwanza maji ya mvua huelekea kwa nani.