Kafka na daftari la duara

Jamaa zangu wa kompyuta wakitaja "Kafka", wengi wetu tunamkumbuka Franz Kafka, yule mwandishi wa Prague. Hatukosei sana, maana programu hii ilipewa jina lake. Ilitengenezwa na wahandisi wa LinkedIn kule Marekani, na mwaka 2011 ikatolewa kuwa programu huria. Lakini inafanya nini hasa? Mimi nimeielewa kwa kufikiria Nyarugusu.

Kwenye maduara ya Geita, na kwa jirani zetu wa Mwakitolyo, Shinyanga, mawe yakitolewa hujazwa kwenye mifuko. Mifuko inahesabiwa, kisha mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji wanagawana. Hapo daftari ndiyo kila kitu.

Basi Kafka ni daftari ndani ya mashine. Chukua mfano wa kutuma pesa kwa simu. Mtu katuma, katoa, kalipa: kila tukio linaandikwa chini ya lililotangulia na kupewa namba. Hakuna kurudi nyuma kuchovya wino juu ya mstari wa zamani. Ukikosea, unaandika mstari mpya wa kusahihisha. Wasomaji ni wengi: mmoja anapiga hesabu ya salio, mwingine anatuma ujumbe, mwingine anawinda matapeli. Kila mmoja ana alama ya alipoishia, hivyo akizimika akirudi anaendelea pale pale. Na daftari linanakiliwa kwenye seva kadhaa. Moja ikifa, nyingine inashika.

Ila tusidanganyane. Mistari hiyo haikai milele. Usipobadilisha mpangilio, baada ya siku 7 ya zamani inaanza kuondolewa. Kumbukumbu nayo ina mwenye kuamua.

Kwa nini haya yatuhusu? Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na tangu hapo nasikia watu wakisema mifumo ya kompyuta itamaliza wizi wa dhahabu. Mimi nauliza habari za mstari wa kwanza. Mfuko uliopitishwa usiku bila kuandikwa, hakuna seva itakayouona. Uongo ulioandikwa vizuri nao unanakiliwa vizuri.

Nguvu ya Kafka ni daftari moja lenye wasomaji wengi. Duarani daftari mara nyingi lina msomaji mmoja, na ndiye huyo huyo mwenye kalamu. Enyi vijana wa programu, mkija huku na mifumo yenu, msianze kwa kuuliza kama mtandao unashika. Ulizeni kwanza: mchimbaji ataruhusiwa kulisoma daftari?