Mto Ulio Chini ya Kiwanda cha Mgololo



Ukiiacha barabara kuu pale Mafinga na kushika njia ya Mgololo, utapita misonobari ya Sao Hill, kisha mashamba ya chai, ndipo nchi ianze kushuka. Kiwanda kikiwa kinapika, pua yako itakuambia umekaribia kabla jicho halijaona bomba la moshi. Ni harufu kama ya mayai viza. Wenyeji wameizoea, mgeni huziba pua.

Kiwanda hiki cha karatasi kilianza kazi mwaka 1985, kikiitwa Southern Paper Mills, mali ya serikali. Leo ni cha watu binafsi, na jina lake ni Mufindi Paper Mills. Chini yake unapita Mto Kigogo Ruaha. Usiuchanganye na Ruaha Mkuu wa mbuga ya wanyama. Huu huteremka upande wa Kilombero.

Sasa tazama karatasi inavyofanywa, maana bila hilo hutaelewa habari ya maji yake. Gogo hukatwa vipande vidogo, vikapikwa katika chungu kikubwa cha chuma pamoja na magadi makali, jamaa ya yale ya kutengenezea sabuni, na dawa yenye kiberiti. Gundi iliyoshikamanisha nyuzi za mti huyeyuka. Nyuzi ndizo karatasi. Lakini karibu nusu ya mti huingia katika mchuzi mweusi. Usidhani mchuzi huo umekusudiwa kumwagwa. Huchemshwa mpaka uwe mzito, hutiwa katika tanuru, nao huwaka kama kuni na kutoa mvuke wa kuendesha mitambo, na magadi huokolewa humo humo ili yatumike tena. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la akili kuliko yote katika kazi hiyo. Hata hivyo nyuzi lazima zioshwe, na maji ya kuoshea hutoka na rangi kama ya chai kavu.

Je, mabaki ya mti yana ubaya gani, nawe huona majani yakianguka mtoni kila siku? Ubaya ni wingi wake. Vijidudu vya majini hula mabaki hayo, na vikila huvuta hewa iliyomo majini, hewa ile ile anayoipumua samaki. Chakula kikizidi, vijidudu huongezeka, hewa huisha, samaki huelea tumbo juu. Si lazima awe amekula sumu.

Basi dawa ni kuvifanyia vijidudu karamu yao mahali pengine kabla ya mto. Maji ya viwanda vya namna hii hutulizwa kwanza ili nyuzi na tope vizame, kisha hukaa katika mabwawa yanayotiwa hewa kwa mashine. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka maji yanayotoka yasiwe na njaa ya hewa kupita miligramu 30 kwa lita, yakipimwa kwa siku 5.

Maji ya vyoo vya mji hayahitaji hata mashine. Moshi na Morogoro wanatumia mabwawa yanayofuatana. Katika bwawa lenye kina uchafu huzama na kuoza. Linalofuata huwa kijani kwa mimea midogo inayotoa hewa. Katika yale ya mwisho, yasiyo na kina, jua huua vijidudu vya magonjwa. Ni kazi rahisi, lakini tope lisipozolewa bwawa hujaa, likawa mfereji tu.

Nawe unayeishi chini ya mto, ukiona povu jingi, maji yamebadilika rangi, au samaki wamekufa, usiishie kunung'unika kilabuni. Kibali cha kumwaga maji mtoni hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye ofisi yake Iringa. Andika siku, saa, mahali na uliyoyaona, upeleke kwa serikali ya kijiji ili ifikishe huko. Fanya hivyo siku ile ile, kwa sababu mto unakwenda, na kesho maji yale yatakuwa yamekwisha shuka Kilombero.