Neno Litakuja

Babu yangu mzaa baba alikuwa na bonde kichwani, juu ya sikio la kulia. Nilipokuwa mtoto aliniinamia nikaligusa, na kidole changu kikahisi ngozi laini pasipo na mfupa chini yake. Ujanani alipigwa rungu, na maumivu yasiyokoma yakampeleka kwa omobari omotwe, kama sisi Abagusii tunavyomwita mpasuaji wa kichwa. Omobari alichana ngozi, akakwangua fuvu kidogo kidogo, akijihadhari asitoboe utando unaofunika ubongo. Madaktari wageni walioandika kuhusu ababari katika karne ya 20 walistaajabu kuona jinsi wagonjwa wengi walivyopona.

Babu hakusimulia sana habari za kisu. Alichosimulia ni majuma aliyolala kwa omobari, akinyweshwa uji na kuulizwa kila asubuhi kichwa kimeamkaje.

Mwaka 1986 kaka yangu, fundi cherehani, alianguka kutoka juu ya matatu iliyobeba vitambaa vyake. Mjini London, Godfrey Hounsfield na wenzake walikuwa wamempiga mgonjwa wa kwanza picha ya ubongo kwa mashine ya CT tangu tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 Hounsfield akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Hospitali tuliyomfikisha kaka haikuwa na mashine hiyo. Daktari alikuwa na tochi. Alimmulika macho, akaona mboni ya kushoto imetanuka, akakisia kwamba damu imevilia upande huo, akatoboa fuvu. Damu ikatoka, na kaka akaishi. Namshukuru daktari yule hadi leo.

Baada ya siku 16 tulipewa karatasi ya kumruhusu kwenda nyumbani. Iliandikwa kwamba jeraha limepona. Jeraha lilikuwa limepona kweli, lakini kaka alikuwa bado. Sindano aliiita “ile ya ile”. Jina la mkewe lilimpotea, akilitafuta mpaka jasho linamtoka, kisha anavunja kikombe kwa hasira. Majirani walisema amerogwa. Tangu miaka ya 1860, Paul Broca wa Paris alikuwa amewaonyesha madaktari jinsi usemi unavyotegemea upande wa kushoto wa ubongo, lakini sisi hatukuambiwa neno. Tuliona aibu, tukawa tunamficha wageni wakija.

Mama ndiye aliyekataa. Siku moja alimshika mkono, akamkalisha mbele ya cherehani, akamwekea kitambaa na uzi. Kaka alitunga uzi kwenye sindano asiyoweza kuitaja. Miguu ikakanyaga, mshono ukanyooka. Kila siku mama aliketi kando yake, akigusa kitu kimoja kimoja na kusubiri. Hakumtajia. Alisubiri tu, hata dakika tano, mpaka neno litoke. Kulipata jina la mkewe kulichukua miezi saba.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Alexander Luria, aliyewahudumia askari wa Kisovieti waliojeruhiwa ubongo katika Vita Kuu ya Pili. Mmoja wao, Zasetsky, alipigwa risasi kichwani mwaka 1943. Alipojaribu kuandika herufi moja moja, alishindwa. Alipouachia mkono uende bila kuuinua, maneno yakatoka. Akili ilikuwa imesahau, mkono ulikumbuka. Nilifunga kitabu nikamlilia mama, ambaye jina la Luria hakuwahi kulisikia.

Mwaka 2019 mwana wa kaka, fundi wa pikipiki, aligongwa akiwa kwenye bodaboda. Picha ya CT ilipatikana siku hiyo hiyo, na daktari akajua mahali pa kupasua kabla hajashika kisu. Hayo nilikuwa nikiyatarajia. Nisichotarajia ni mtaalamu wa tiba ya usemi aliyekuja wodini juma la pili na kutuuliza, “Alikuwa akifanya kazi gani?” Swali hilo mwaka 1986 hakutuuliza mtu. Alituomba tulete spana za kijana, na akatufundisha wote namna ya kukaa naye.

Kaka hakuhitaji kufundishwa. Alimwekea mwanawe spana mkononi, akamtazama. Kijana alihangaika, midomo ikitetemeka, nami nikafungua kinywa nimsaidie. Kaka akaniinulia kidole.

“Mwache,” akasema. “Neno litakuja.”