Zoezi la volkano Goma: karatasi zilizotutoa jasho

Juzi nilikaa pamoja na viongozi wa mitaa ya Goma katika zoezi la kuigiza mlipuko wa Nyiragongo. Hakukuwa na hotuba. Ramani iko mezani, na kila baada ya dakika kumi inaletwa karatasi mpya: lava imekata barabara, hospitali inaomba gari, mtoto amepotea.

Meza moja ilielekeza wakaaji wote Sake. Karatasi iliyofuata ikasema Sake imejaa, maji hakuna, watu wameanza kuhara. Mama mmoja, kiongozi wa avenyu, akauliza: "Papa shefu, na wazee wasioweza kutembea umewaachia nani?" Mwenye kalamu akaiweka chini.

Hayo si mchezo kwetu. Volkano ililipuka tarehe 22 mwezi wa 5, 2021. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame. Barabara zikajaa, wengine wakavuka Rwanda, watoto wengi wakapotezana na wazazi.

Semina za kuandika daftari na kungoja pesa ya usafiri (tusifichane) hazionyeshi namna uamuzi mmoja unavyozaa shida nyingine. Zoezi hili linaonyesha. Lakini mezani hapakuwa na mwendesha pikipiki hata mmoja, wala mwenye boti, na hao ndio waliobeba watu mwaka ule. Nilimuuliza mwandaaji. Akasema wataalikwa safari ijayo. Tarehe haijapangwa.