Mashine Iliyozeeka

Msomaji, chombo cha pwani hakiachi kuomba. Kilipokwenda kwa tanga kiliomba kamba, kitambaa na mafuta ya sifa; kinapokwenda kwa mashine huomba petroli, oili na plagi. Mashine hizi zitundikwazo shetrini zilienea duniani baada ya Ole Evinrude kuanza kuziunda mjini Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, na leo safari nyingi za visiwa vya Lamu huzitegemea. Swali nitakalo ulipime pamoja nami ni hili: mashine ikizeeka, itengenezwe au inunuliwe nyingine?

Yetu ilikuwa ya nguvu za farasi 15, ya namna ile ichanganyiwayo oili ndani ya petroli, lita 1 kwa lita 50. Marehemu baba aliinunua, na kaka yangu mkubwa akaiendesha kwa miaka 14 kati ya Mtangawanda, katika kisiwa cha Pate, na mji wa Lamu. Katika njia hiyo kuna Mkanda, mlango mwembamba wa bahari baina ya Manda na bara, ambao maji yakipwa hukataza vyombo kupita. Nahodha asiyewahi maji hukaa akiyangoja.

Siku moja ya kusi, tukiwa na abiria 11, mmoja wao mama mja mzito aliyekuwa akipelekwa hospitali, mashine ilizimika karibu na Mkanda, na maji yalikuwa yakipwa. Uzi wa maji utokao ubavuni mwa mashine, ambao ndio dalili kwamba inapoa, ulikuwa umekatika. Wavuvi walitufunga kamba wakatuvuta, nasi tukapita maji yakiwa ya kiunoni. Mtoto alizaliwa salama usiku ule. Kilichovunjika kilikuwa kigurudumu cha mpira kisukumacho maji, kitu kienezacho kiganja cha mkono. Kilibadilishwa kwa fedha kidogo, na kila mtu akasema mashine imepona.

Haikupona. Asubuhi iliwaka kwa shida, na moshi wake ulizidi. Fundi alifungua plagi, akatia kipimo cha mgandamizo, akavuta kamba mara kadhaa. Silinda ya chini ilionyesha 110. Ya juu, 65. Silinda mbili za mashine moja yapasa zikaribiane kama mapacha. Joto la siku ile lilikuwa limekwaruza ukuta wa ile ya juu, na chumvi ilikuwa imekula njia za maji hata chuma kikamomonyoka kama chokaa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kuna ubovu wa kile kinachofunguliwa kwa spana, kama plagi, kabureta au rafadha, na huo hautoshi kuihukumu mashine. Ubovu wa mwili ni jambo jingine. Silinda yaweza kukerezwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi, lakini chuma kilicholiwa na chumvi hakirudi.

Kaka hakutaka kusikia. Aliniambia, “Mdogo wangu, mashine hii ndiyo iliyokusomesha. Leo waitupa kwa sababu inakohoa?” Sikuwa na jibu la haraka, maana alisema kweli. Karo yangu ya chuo cha ualimu ilipita katika tangi lile.

Hata hivyo shukrani haiwashi plagi. Matengenezo yangechukua theluthi ya bei ya mashine mpya, na kwa hesabu hiyo peke yake kaka angeshinda. Lakini hesabu hiyo haina siku ambazo chombo kingelala ufukoni kikingoja vipuri, wala petroli ipoteayo kwa moshi; na abiria hamo kabisa. Mvuvi wa peke yake, karibu na nyumbani, mwenye tanga la akiba, aweza kuvumilia mashine ya kubahatisha. Mwenye kuchukua watu hawezi. Hayo ndiyo niliyomwambia kaka, naye alinyamaza siku mbili kabla ya kukubali.

Lilibaki neno la maji. Kitabu cha mashine huamuru isafishwe kwa maji matamu kila itokapo baharini. Bila shaka kitabu hicho hakikuandikwa na mtu anayehesabu ndoo za jabia wakati wa kiangazi. Kama hatungelitatua hilo, mpya nayo ingeliwa kama ile ya kwanza.

Nilikopa katika chama cha ushirika, kaka akauza mbuzi wanne. Mashine ya kale imesimamishwa ghalani juu ya kigogo. Rafadha na kabureta yake ni akiba, na kaka huipangusa vumbi ingawa hakuna aliyemwagiza. Ya pili huzamishwa mguu wake ndani ya pipa lililokatwa nusu, kila Ijumaa jioni, ikawashwa hapo mpaka chumvi itoke. Mke wa kaka, ambaye ndiye ateka maji, ametoa ruhusa ya ndoo nne, wala si ya tano.